FRIZA NYUMBANI: ITUNZE IKUTUNZE

Miongoni mwa vyombo vinavyonunuliwa kwa gharama kubwa katika nyumba za askari na za raia nchini Uganda, friza ina nafasi yake ya pekee. Redio ikiharibika, nyumba hukosa habari na muziki. Pasi ikiharibika, sare huvaliwa ikiwa na mikunjo. Lakini friza ikiharibika, chakula cha mwezi mzima huweza kuoza kwa siku chache, na aghalabu pamoja nacho huoza mtaji wa mama mwenye nyumba. Katika makambi ya jeshi na ya polisi, si ajabu kumkuta mama anayeuza barafu, maji baridi, maziwa au samaki kutoka friza moja iliyo pembeni mwa sebule. Fedha hizo ndizo zinazonunua madaftari na sabuni wakati mshahara umekwisha na mwezi haujaisha.

Chombo hiki hakihitaji mengi. Kinahitaji hewa, umeme uliotulia, usafi, na mtu anayetambua dalili za ugonjwa kabla ugonjwa haujawa mkubwa. Makala hii inaeleza mambo hayo moja baada ya jingine, ili hata pale ambapo baba yuko kazini mbali na nyumbani, mama au kijana mkubwa wa nyumba aweze kujua la kufanya, na kujua pia wakati wa kumwita fundi.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Watu wengi hudhani kwamba friza hutengeneza baridi. Sivyo. Friza huondoa joto lililomo ndani ya sanduku na kulitupa nje, kama mtu anayechota maji kutoka mtumbwi unaovuja. Kazi hiyo hufanywa na gesi maalumu iliyofungiwa ndani ya mirija. Kompresa, yaani ile mashine nyeusi ya mviringo inayonguruma nyuma au chini, huibana gesi mpaka iwe ya moto. Gesi hiyo hupita katika mirija ya nje, ambako hutoa joto lake hewani na kugeuka kuwa majimaji. Kisha hupenya katika mrija mwembamba sana na kuingia katika mirija ya ndani. Huko hupata nafasi ya kutanuka, huchemka tena kuwa gesi, na katika kuchemka huko hunyonya joto la chakula. Baada ya hapo hurudi kwa kompresa na safari huanza upya.

Kutokana na maelezo haya, mambo mawili hayana budi kukumbukwa. La kwanza ni kwamba joto lililotolewa lazima lipate mahali pa kwenda. Likizuiwa, kompresa hufanya kazi bila kupumzika na huzeeka kabla ya wakati wake. La pili ni kwamba gesi huzunguka tu. Haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika kandili. Ikiwa imepungua, basi mahali fulani pana tundu. Jambo hili la pili lina faida kubwa mtu anapozungumza na fundi, kama itakavyoonekana mbele.

MAHALI PA KUIWEKA

Friza isiwekwe karibu na jiko la mkaa, wala mahali panapopigwa na jua la mchana, wala kwenye baraza inayorushiwa mvua. Iachwe nafasi ya upana wa kiganja kati yake na ukuta, nyuma na ubavuni. Friza nyingi za kulala, zile zenye mfuniko juu, zina mirija ya kutolea joto iliyofichwa ndani ya bati la ubavu. Ndiyo maana ubavu wake huwa na vuguvugu. Vuguvugu hilo ni dalili ya afya. Kwa hiyo ile desturi ya kuisukuma friza mpaka igusane na kuta mbili za pembe ya chumba, au kuizungushia vitambaa vya kufuma mpaka chini, haifai hata kidogo. Kitambaa kidogo juu ya mfuniko hakidhuru. Kinachofunika ubavu hudhuru.

Chini pawe sawa, na ikiwezekana friza iinuliwe kidogo juu ya kibao imara, maana sakafu yenye unyevu hula bati. Anayenunua friza mpya asome kibandiko chake kabla hajalipa. Humo huandikwa herufi zinazoeleza joto ambalo friza ilitengenezwa kulistahimili. N ni kwa chumba kisichozidi nyuzi 32 za Sentigredi, ST ni hadi nyuzi 38, na T ni hadi nyuzi 43. Katika nyumba ya mabati isiyo na dari, ambamo saa nane mchana hewa huwa kama ya tanuri, herufi T ndiyo inayofaa.

UMEME NI UHAI NA NI HATARI

Umeme wa nyumbani nchini Uganda ni wa volti 240. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa pale Jinja mwaka 1954, mabwawa mengine makubwa yameongezwa, miongoni mwao Bujagali mwaka 2012 na Karuma mwaka 2024. Lakini umeme kuwa mwingi bwawani ni jambo moja, na kufika nyumbani ukiwa umetulia ni jambo jingine. Katika majengo ambamo familia nyingi hutegemea waya mmoja, jioni kila mtu huwasha jiko, pasi na televisheni, na taa huonekana kufifia. Wakati huo volti zimeshuka. Kompresa inayojaribu kuanza kazi kwa umeme dhaifu hushindwa kuzunguka, hupata moto, na mwishowe nyuzi zake huungua.

Vilevile umeme ukirudi baada ya kukatika, mara nyingine huja kwa kishindo na kuunguza. Kwa hiyo ni busara kununua stabilaiza au kile kifaa kidogo cha kulinda friji ambacho huchomekwa kati ya plagi na soketi. Kifaa hicho hukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi, na ukirudi hungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Asiye nacho na achomoe plagi mara umeme unapokatika, kisha ukirudi angoje dakika tano. Sababu ya kungoja ni hii: kompresa inaposimama ghafula, gesi huwa bado imebanwa upande mmoja, na kuiwasha papo hapo ni kama kumwamuru mtu ainue gunia kabla hajalitua lile la kwanza.

Friza iwe na soketi yake yenyewe. Isichomekwe katika waya mwembamba wa kuongezea pamoja na pasi na birika la umeme. Plagi yake ya pini tatu isikatwe pini wala kuondolewa waya wa ardhi. Waya huo ndio unaolinda uhai wa mtu pale waya mwingine unapogusa bati. Friza inayopiga shoti, hata kama ni kidogo tu, si ya kufanyiwa mzaha. Na izimwe mara moja kwa swichi ya ukutani, pasiwe na mtoto wala mtu mwenye miguu mitupu anayeigusa, mpaka fundi wa umeme aikague pamoja na waya wa ardhi wa nyumba yenyewe.

KUGANDISHA KWA AKILI

Chakula hukaa vyema katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo vijidudu huacha kuongezeka. Hata hivyo havifi. Vimelala tu, na chakula kikiyeyuka huamka na kuendelea na kazi yao. Kwa sababu hiyo friza haiwezi kukifanya chakula kilichoanza kuharibika kiwe kizuri tena. Samaki aliyechoka sokoni atabaki samaki aliyechoka.

Nyama na samaki visafishwe, vikatwe mafungu ya mlo mmoja mmoja, vifungwe katika mifuko safi iliyotolewa hewa, na kila mfuko uandikwe tarehe. Mafungu madogo hugandishwa upesi, na siku ya kupika hakuna haja ya kuyeyusha kilo tano ili kupata nusu kilo. Nyama ya kusaga iliwe katika miezi 3 au 4. Samaki wenye mafuta mengi waliwe katika miezi 2 au 3. Kuku mzima aliyefungwa vizuri huweza kukaa mwaka. Maharage yaliyochemshwa hugandishwa vizuri sana na huokoa mkaa mwingi, kwa kuwa sufuria moja kubwa hupikwa mara moja tu.

Chakula cha moto kisiingizwe kabla ya kupoa, wala kisiachwe nje zaidi ya saa mbili kikisubiri kupoa. Chupa za kioo zilizojaa maji zisiwekwe kabisa, maana maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kiasi cha sehemu 9 katika kila 100, na kioo hupasuka. Kadhalika dawa zisiwekwe humo bila ushauri wa mganga. Dawa ya insulini inayotumiwa na wagonjwa wa kisukari huharibika ikiganda, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana haina kasoro.

Mama anayeuza barafu hana budi kufahamu hesabu ifuatayo. Kuyashusha maji lita 10 kutoka joto la nyuzi 25 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni kuondoa joto lililo sawa na lile ambalo jiko la umeme la wati 1,000 hulitoa kwa muda wa zaidi ya saa moja na robo. Na katika joto hilo, takriban sehemu saba kwa kumi huondolewa katika kule kuganda kwenyewe, yaani pale maji yanapokuwa tayari ni baridi ya sifuri lakini bado hayajawa barafu. Hii ndiyo sababu maji huonekana kukataa kuganda kwa muda mrefu ingawa yamekwisha kuwa baridi sana.

Maana ya hesabu hii ni kwamba kuingiza madumu mengi ya maji kwa wakati mmoja, juu ya samaki waliokwisha kuganda, ni kuwapasha joto samaki hao. Kibandiko cha friza huonyesha kilo ngapi inaweza kugandisha kwa saa 24. Kiasi hicho kisipitwe. Maji yapangwe kuta kwa kuta, mbali na nyama, na yaingizwe jioni baada ya biashara ya siku kwisha. Usiku chumba huwa na ubaridi, mfuniko haufunguliwi, na majirani wakilala volti huimarika.

Anayetaka kujua kama biashara yake ina faida na asome mita ya umeme saa ile ile ya asubuhi kwa siku kadhaa: siku ambazo hakugandisha maji, na siku ambazo aligandisha. Tofauti ya yuniti ndiyo gharama ya barafu. Wako wanaouza barafu mwezi mzima bila kufanya hesabu hiyo, wakashangaa kwa nini fedha yote huishia katika kununua yuniti.

KUONDOA BARAFU ILIYOGANDA KUTANI

Barafu inayoota katika kuta za ndani huzuia baridi isifike kwenye chakula, kama blanketi linavyozuia upepo. Ikifikia unene wa nusu sentimita, wakati wa kuiondoa umefika. Chakula kitolewe na kufungwa pamoja katika mablanketi au magazeti mengi. Friza izimwe, plagi ichomolewe, kizibo cha chini kifunguliwe, na mfuniko uachwe wazi. Anayetaka kuharakisha aweke ndani sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa. Barafu italegea yenyewe na kuanguka vipande vipande.

Kisu, bisibisi na nyundo visitumike kamwe. Mirija ya ndani mara nyingi ni ya alumini nyembamba, iliyojificha nyuma ya bati. Ncha ya kisu hufanya tundu dogo, gesi hutoka kwa sauti ya kufyonya, na friza iliyokuwa nzima dakika moja iliyopita sasa inahitaji matengenezo yanayoweza kukaribia bei ya friza iliyotumika. Friza nyingi zimeuawa na haraka ya nusu saa.

Baada ya barafu kuisha, ndani paoshwe kwa maji yaliyotiwa kijiko cha magadi ya kuokea, pakaushwe vizuri, kisha friza iwashwe na kuachwa ishike baridi kabla ya chakula kurudishwa. Mpira wa mfuniko uoshwe kwa maji ya sabuni, maana mafuta na damu ya nyama huukausha na kuupasua.

UMEME UKIKATIKA

Kosa kubwa ambalo familia hufanya umeme unapokatika ni kufungua mfuniko kila mara ili kuangalia kama chakula bado kiko salama. Friza iliyojaa, ikiwa imefungwa, huweza kukihifadhi chakula kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu huweza kwa saa 24. Tofauti hutokana na barafu yenyewe, ambayo ni akiba ya baridi. Kwa hiyo nafasi tupu ijazwe chupa za plastiki zenye maji, zisizojazwa mpaka juu. Wakati wa kawaida hazisumbui, na siku ya giza hugeuka kuwa walinzi.

Kwa familia inayosafiri, ipo hila nyepesi. Kikombe cha maji kigandishwe, kisha sarafu iwekwe juu ya barafu na kikombe kirudishwe ndani. Wakirudi na kuikuta sarafu iko juu, chakula hakikuyeyuka. Wakiikuta chini ya kikombe, umeme ulikatika muda mrefu, chakula kiliyeyuka, kisha kikaganda tena. Chakula hicho ni cha kutupwa, hata kama ni kigumu kama jiwe.

Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani yake, na ni baridi kama cha friji, huweza kugandishwa tena, ingawa utamu wake hupungua. Nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa, vilivyopata joto la zaidi ya nyuzi 4 kwa muda wa zaidi ya saa 2, visiliwe wala visiuzwe. Pua haitoshi kuwa hakimu, kwa kuwa vijidudu vingine havitoi harufu. Wala kuchemsha sana si dawa ya kila kitu, maana sumu zinazoachwa na vijidudu fulani hustahimili moto wa jiko. Ni uchungu kutupa kilo kumi za sangara zilizonunuliwa kwa fedha ya mkopo. Lakini mtoto mdogo anayeharisha na kutapika usiku huweza kuishiwa maji mwilini kabla ya kupambazuka, na muuzaji aliyewalisha majirani samaki mbovu hapati mnunuzi tena katika kambi hiyo.

DALILI NA TIBA

Friza haiwaki kabisa. Taa au pasi ijaribiwe katika soketi ile ile. Yuniti za mita zitazamwe. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ikaguliwe na mtu anayejua. Kama kuna stabilaiza, ingojwe imalize dakika zake. Fundi wengi wameitwa na kulipwa nauli kwa ajili ya fyuzi tu.

Friza hulia "ta!", hunyamaza, na baada ya dakika chache hulia tena. Kompresa inajaribu kuanza na inashindwa. Friza izimwe. Kama taa za nyumbani zimefifia, kosa ni la umeme. Ingojwe mpaka umeme uimarike. Kama umeme ni mzuri na mlio unaendelea, huenda relei ya kuwashia imeungua, nayo ni kifaa cha bei ndogo. Fundi asikubaliwe kubadili kompresa kabla hajaipima relei.

Friza hunguruma mchana kutwa bila kupumzika, na baridi haitoshi. Itazamwe kwanza kama barafu ya kutani imekuwa nene, kama vumbi limejaa katika mirija ya nyuma, kama friza imebanwa na ukuta, au kama kuna mzigo mkubwa ulioingizwa karibuni. Kisha mpira ujaribiwe. Kipande cha karatasi kiwekwe ukingoni, mfuniko ufungwe juu yake, na kivutwe. Kikitoka kwa ulaini, hapo panavuja. Mzunguko wote upimwe hivyo. Mpira uliokakamaa huweza kulainishwa kwa kitambaa cha maji ya moto na kurudishwa umbo lake, uliochanika ubadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hewa inayopenya hapo huingiza joto na unyevu mchana na usiku, na mwenye nyumba huilipia kwa yuniti.

Barafu huota upande mmoja tu wa ukingo. Hiyo nayo ni kazi ya mpira, au bawaba za mfuniko zimelegea.

Kompresa ni ya moto sana, inanguruma, lakini ubavu ni baridi na ndani hakuna barafu, au iko katika kipande kidogo tu. Hapo gesi imepungua au mrija mwembamba umeziba. Hii ni kazi ya fundi.

Mfuniko hukataa kufunguka mara baada ya kufungwa. Huu si ugonjwa. Hewa ya vuguvugu iliyoingia imepoa, ikasinyaa na kuuvuta mfuniko. Ingojwe dakika chache. Kisu kisipenyezwe katika mpira.

FUNDI NA GESI

Mara nyingi mazungumzo huwa mafupi. Fundi husikiliza kidogo, hugusa ubavu, kisha husema, "Mama, gesi imekwisha." Anajaza, analipwa, na baada ya wiki tatu baridi hutoweka tena. Mama aliyesoma sehemu ya kwanza ya makala hii atauliza, "Fundi, imetokea wapi?" Swali hilo moja huokoa fedha nyingi. Fundi wa kweli hutafuta tundu, huliziba kwa kuchomelea, hubadili kichujio kidogo kilichoko kwenye mrija, huondoa hewa yote kwa pampu, na kisha hupima gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Anayejaza kwa kukisia anarudi kulipwa tena.

Aina ya gesi nayo si jambo la kupuuza. Friza za zamani zilitumia gesi iitwayo R12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na miale mikali ya jua. Mataifa yalikubaliana mjini Montreal mwaka 1987 kuziondoa. Mahali pake ikaingia R134a, isiyodhuru ozoni lakini yenye kuongeza joto la dunia, na mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, nchini Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo pia. Friza nyingi mpya hutumia R600a.

R600a ni nzuri kwa mazingira na haili umeme mwingi, lakini huwaka moto kama gesi ya kupikia. Friza zake huwa na alama ya moto ndani ya pembetatu ya manjano. Yafaa zitengenezwe mahali penye hewa, bila sigara wala jiko la mkaa karibu, na fundi asichomelee mrija kabla gesi haijatolewa yote. Wala gesi moja isijazwe mahali pa nyingine. Mwenye nyumba na asome kibandiko mwenyewe, aiandike aina hiyo, na amwonyeshe fundi kabla kazi haijaanza.

SIKU YA UHAMISHO

Askari hana makazi ya kudumu. Amri hutoka, lori huja, na vyombo hupakiwa kwa haraka. Friza izimwe siku moja kabla, iyeyushwe, ikaushwe, na mfuniko ufungwe kwa kamba. Katika lori isimamishwe wima. Ikilazwa ubavu, mafuta ya kompresa hutiririka na kuingia katika mirija, na mtu akiiwasha mara tu anapofika huweza kuiua papo hapo. Iliyosafiri wima iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Iliyolazwa iachwe imesimama siku nzima. Huko waendako, soketi na waya wa ardhi wa nyumba mpya vikaguliwe kwanza.

WATOTO NA FRIZA ILIYOKUFA

Friza iliyokufa haitupwi bure. Hugeuzwa kuwa kasha la unga au la nguo. Desturi hiyo ina ubaya mmoja mkubwa. Sanduku lisilopitisha hewa ni mahali pazuri pa mtoto kujificha, na hana muda mrefu wa kuishi humo. Nchini Marekani vifo vya watoto waliofungiwa ndani ya majokofu makuukuu vilisababisha kutungwa kwa sheria mwaka 1956, iliyoamuru milango ya majokofu iweze kufunguliwa kutoka ndani. Lakini friza ya kulala yenye kufuli la ufunguo haifunguki kutoka ndani. Kwa hiyo friza isiyotumika ing'olewe mfuniko siku ile ile inapowekwa kando, na ile inayotumika ufunguo wake uhifadhiwe mahali pa juu, mbali nayo.

RATIBA YA MATUNZO

Kila siku, mwenye nyumba ahakikishe kwamba mfuniko umefunga sawasawa na asikilize mngurumo; masikio yaliyozoea sauti ya friza hutambua mabadiliko mapema. Kila wiki, afute ukingo wa mpira na atazame tarehe za mifuko, cha zamani kitangulie kuliwa. Kila mwezi, ajaribu karatasi ukingoni, apanguse vumbi la nyuma plagi ikiwa imechomolewa, na apime unene wa barafu. Kazi zote hizo kwa pamoja hazifiki saa mbili kwa mwezi, wala hazihitaji zana nyingine zaidi ya kitambaa, sabuni na kipande cha karatasi.

Na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa shule, afundishwe mambo matatu: umeme ukikatika mfuniko usifunguliwe, kisu kisiguse barafu ya kutani, na friza inayopiga shoti isiguswe na mtu yeyote.